Kugeuka bila kutaka ukiwa angani: kosa liko mikononi au miguuni?

Kishada ameuliza:

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa wanaoujua vizuri mkao wa mwili katika anguko huru, yaani kile kipindi cha kabla parachuti haijafunguliwa.

Mwanafunzi yuko kwenye miruko ya mwanzo. Anatoka ndegeni futi 13,000, anatulia kifudifudi vizuri, halafu baada ya sekunde kama 15 anaanza kugeuka kulia polepole bila kukusudia. Akishusha mkono wa kushoto ili ajizuie, mzunguko unasita kidogo kisha unarudi na nguvu zaidi, na mwili mzima unaanza kuyumbayumba. Juu ya hayo anateleza kinyumenyume, walimu wanalazimika kumfuata. Kwenye video iliyopigwa kutoka mbele mikono yake iko sawa kabisa: viwiko usawa wa mabega, viganja vinatazama chini. Sasa kosa liko wapi? Na kwa nini kujizuia kwa mkono kunazidisha tatizo badala ya kulipunguza?

---

NyongaMbele:

Mkuu Kishada, uliposema mikono iko sawa umeshajijibu nusu. Tazama miguu. Chombo cha majini usukani wake uko tezi, yaani nyuma, na mtu anayeanguka kifudifudi naye ni vivyo hivyo. Mikono anaiona, kwa hiyo anaitengeneza. Miguu haioni, kwa hiyo anaisahau.

Tuanze na sababu, maana bila sababu atakariri mikao tu. Kwenye kasi ya kikomo, ambayo kwa mtu aliye kifudifudi ni kama kilomita 190 hadi 200 kwa saa, hewa inamsukuma kutoka chini kwa nguvu inayolingana na uzito wake. Hewa hiyo ikikuta kiungo kimelala bapa, inagawanyika sawasawa pande zote. Ikikuta kiungo kimeinama, inatupwa upande mmoja na mwili unasukumwa upande wa pili. Kwenda mbele, kurudi nyuma, kugeuka, kuteleza kiubavu, vyote vinatokana na hilo.

Miundi, yaani sehemu ya mguu kati ya goti na kifundo, ni eneo kubwa lililo mbali na kitovu cha mwili, ndiyo maana kosa dogo la huko lina nguvu nyingi. Mguu ukinyooka, muundi unatupa hewa kwa nyuma na upande ule wa mwili unakwenda mbele. Mguu wa kushoto ukinyooka kuliko wa kulia, upande wa kushoto unatangulia na uso unaelekea kulia. Miguu yote ikikunjwa mno hadi visigino vikakaribia makalio, miundi inaacha kushika hewa, mikono iliyo mbele inabaki kufanya kazi peke yake, kichwa kinainuka na mtu anarudi nyuma. Ziunganishe dalili zako mbili: anarudi nyuma na anageuka kulia. Kwa maelezo hayo, miguu yote miwili imekunjwa kupita kiasi na wa kulia umekunjwa zaidi. Hii ni hali ya kawaida mno kwa wanaoanza, kwa sababu mwili wenye hofu hujikunja, na hakuna watu wengi wanaojikunja sawasawa pande zote mbili.

Sasa ule mkono. Anaposhusha mkono wa kushoto anaweka mgeuko wa kushoto juu ya mgeuko wa kulia ambao chanzo chake bado kipo. Mabega yanavuta huku, miguu inavuta kule, kiwiliwili kinasokotwa kama nguo inayokamuliwa. Ili ashikilie msokoto huo lazima akaze misuli. Misuli ikikaza, upinde wa nyonga unapotea. Upinde ukipotea anakuwa kama sahani bapa juu ya upepo, na sahani bapa haina budi kuyumba. Mguu nao, wakati wote huo wa kukaza, umezidi kujikunja. Mkono ukirudi mahali pake, mguu unashinda.

Arekebishe kwa mpangilio huu huu, asiruke hatua. Kwanza asukume nyonga mbele, kuelekea ardhini. Kisha anyooshe miguu yote miwili mpaka ahisi upepo unakanyaga miundi yote kwa nguvu sawa. Hisia hiyo ya shinikizo kwenye miundi ndiyo kipimo chake, kwa kuwa macho hayamsaidii. Baada ya hapo atoe pumzi kwa nguvu ili mabega yalegee, na asubiri sekunde 2 au 3. Mwili una uzito na mzunguko haukatiki papo hapo. Anayeshindwa kusubiri huongeza marekebisho ya pili juu ya la kwanza, kisha la tatu, na hapo ndipo vurugu inapoanza. Akiwa hana hakika miguu iko wapi, agonganishe visigino taratibu mara mbili au tatu. Visigino vikikutana, basi miguu iko sawa, na mara nyingi zoezi hilo peke yake linasimamisha mgeuko.

Mkao wenyewe, kwa wanaosoma na hawaujui: nyonga ndiyo sehemu ya chini kuliko zote, kidevu kimeinuliwa, macho yanatazama upeo wa macho, si ardhi. Mikono imekunjwa kiwikoni kama nyuzi 90, viganja karibu na usawa wa kichwa. Magoti upana wa mabega, miundi imeinuka kama nyuzi 45, vidole vya miguu vimenyooshwa. Mikono na miguu inabebwa na hewa, haishikiliwi kwa nguvu. Ndiyo kanuni ya kile kimpira cha vinyoya cha badminton: sehemu nzito hutangulia chini, manyoya mepesi hufuata juu. Nyonga zikiwa mbele, hata ukimgeuza mtu vipi atarudi kifudifudi mwenyewe.

---

Tai_Kipanga:

Nakubaliana na NyongaMbele, ila nisingemweleza mwanafunzi habari za miguu kabla ya kukagua mambo mengine matatu.

La kwanza ni mikanda ya mapajani. Mmoja ukikazwa kuliko mwenzake, paja moja linazuiwa kufunguka na mwanafunzi atahangaika na mguu ambao hawezi kuunyoosha. Hilo hukaguliwa ardhini, kwa kumsimamisha na kumwambia asukume nyonga mbele huku ukitazama kama mkoba mgongoni unalala upande.

La pili ni shingo. Mwanafunzi akimtafuta kwa macho mwalimu wa kulia kila mara, bega linafuata shingo na kiwiko kinafuata bega. Mwelekeze achague kitu kimoja mbali kwenye upeo wa macho, mlima au ukingo wa wingu, na akirudie hicho hicho. Bila alama ya kutazama hatajua kwamba anageuka mpaka ameshazunguka robo.

La tatu ni altimita, yaani kipimo cha kimo. Wengi huivaa kifundo cha mkono wa kushoto, na anayeisoma kwa kuuvuta mkono kuja usoni hushusha kiwiko na kugeuka kushoto. Kwa kuwa huyu anakwenda kulia, sioni kama ndiyo chanzo, isipokuwa ameivaa mkono wa kulia. Macho ndiyo yaifuate altimita, mkono ubaki mahali pake.

Halafu usidanganyike na zile sekunde 15. Kasi ya kikomo hufikiwa baada ya sekunde 10 hadi 12. Kabla ya hapo hewa bado ni laini na kosa la mguu halionekani, hasa kama walimu wote wawili bado wamemshika. Mguu ulikuwa umekunjwa tangu mlangoni; kasi ilipokamilika na mikono ya walimu ikaachia, ndipo ulipojitokeza. Kwa hiyo video ya kutafuta kosa ni ya sekunde 5 hadi 15, na ipigwe kutoka ubavuni au nyuma. Ya kutoka mbele inaficha miguu yote.

---

Kishada:

Asanteni sana. Nimeirudia video: kuna sehemu mpiga picha anapita ubavuni, na kweli kisigino cha kulia kiko juu ya tako kabisa, cha kushoto kiko chini yake kidogo.

Nina la nyongeza. Akishatulia, hatua inayofuata ni kugeuka kwa makusudi nyuzi 90 na kusimama, kisha kumfuata mwalimu na kumshika. Hapo mikono na miguu inagawanaje kazi? Na ukikuta mwenzako yuko juu yako au chini yako unafanya nini?

---

Muundi:

Kugeuka kuna njia tatu na wanafunzi hufundishwa ya mikono kwanza kwa sababu wanaiona. Kwenda kulia: mabega yote yanainama pamoja kama bawa la ndege, kiwiko cha kulia kinashuka kiasi cha upana wa kiganja na cha kushoto kinapanda kiasi hicho hicho. Kiwiko na kiganja vishuke pamoja. Akishusha kiganja tu, anapiga kasia hewani na hageuki. Asinyooshe mkono wala kuuvuta kifuani, ainamishe tu na kusubiri.

Kusimama ndiko kunakowashinda wengi. Akirudi mkao wa kawaida tu, mwili utaendelea kuzunguka kwa uzito wake. Inabidi aweke mgeuko wa upande wa pili kwa muda mfupi, na auanze kabla ya kufika: kwa mgeuko wa nyuzi 90, aanze kuzuia alama yake ikikaribia katikati ya macho, si ikishafika. Mzunguko ukikoma, arudi mkao wa kawaida mara moja, la sivyo ataanza safari ya kurudi alikotoka. Hapa mkono wa kuzuia ni halali kwa sababu chanzo cha mgeuko kilikuwa mkono. Kwa yule wa swali la mwanzo chanzo kilikuwa mguu, ndiyo maana dawa hii haikumfaa.

Njia ya pili ni miguu. Ukibonyeza goti na muundi wa kushoto kwenye hewa, unageuka kulia. Ya tatu ni kuviunganisha: mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja. Ukigeuka kwa mikono tu, mwili unachora duara na unahama mahali pake. Ukitumia mkono na mguu wa kinyume, unazunguka kwenye kitovu chako kama pia. Kwenye kundi la watu wanne hiyo ya tatu ndiyo inayotakiwa, maana anayehama kila anapogeuka atawagonga wenzake.

Mbele na nyuma: kwenda mbele nyoosha miguu na urudishe mikono kidogo kuelekea mabegani. Kurudi nyuma, nyoosha mikono mbele na uibonyeze, kunja magoti kidogo. Breki ya kwenda mbele ni hiyo ya kurudi nyuma, nayo pia inaanza mapema.

Juu na chini ndiko kwenye kazi kubwa, kwa hiyo nitarefusha. Hakuna anayepanda, kila mtu anashuka, tofauti ni kasi. Ukiwa juu ya mwenzako, zidisha upinde: nyonga chini, mikono na miguu iachie hewa iisukume juu na nyuma kidogo. Eneo linalopingana na hewa linapungua na unashuka haraka. Ukiwa chini yake, fanya kinyume: punguza upinde, zungusha mabega kuelekea mbele ili kifua kiwe kama kikombe kilichofunikwa, tandaza mikono na miguu. Tofauti kati ya mikao hiyo miwili ni makumi ya kilomita kwa saa, inatosha kabisa kumfikia mtu. Asibonyeze hewa kwa mikono pekee ili apunguze kasi: mikono ikibonyeza na miguu isifanye kitu, kichwa kinainuka na anateleza nyuma. Miguu ibonyeze pamoja.

Kumshika mwenzako: linganeni kwanza kimo ukiwa bado mita chache kando, ndipo usogee. Usimwendee kwa kupiga mbizi kutoka juu, na kamwe usipite juu ya mgongo wake. Juu ya kila mtu anayeanguka kuna safu ya hewa iliyovurugika isiyobeba mtu. Ukiingia humo unadondoka juu yake ghafla, kama aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Majeraha ya kugongana hewani mengi yanaanzia hapo. Usipite chini yake pia, maana wewe ndiye utakayemwondolea hewa.

Umbo na mavazi vina sehemu yake. Mtu mwembamba mrefu hushuka polepole, mfupi mnene hushuka haraka, na hakuna mkao utakaowalinganisha bila jasho. Mwembamba huvaa ovaroli ya kubana au mkanda wa vyuma vya uzito kiunoni, mnene huvaa ovaroli pana yenye kitambaa kinachoshika hewa. Mwanafunzi ambaye kila mara yuko juu ya mwalimu akiwa na upinde mzuri, mbadilishie ovaroli kabla ya kumlaumu.

---

Sauti_ya_Altimita:

Maelezo mazuri, lakini hakuna aliyetaja saa. Futi 1,000 za kwanza huchukua kama sekunde 10, na baada ya hapo kila futi 1,000 huliwa kwa sekunde 5 hadi 6. Kutoka futi 13,000 mpaka 5,500, ambacho ni kimo cha kawaida cha kufungulia kwenye miruko ya mwanzo, kuna sekunde 45 hivi. Anayehangaika na mguu wake kwa sekunde 15 ametumia theluthi nzima ya muda wake.

Kwa hiyo mwanafunzi akipoteza utulivu, mpangilio ni: altimita, upinde, miguu, kulegea. Mara moja tu. Asipotulia ndani ya sekunde 5, anafungua parachuti hapo hapo hata kama bado yuko juu. Na akiwa amefika kimo cha kufungulia, hana tena ruhusa ya kujirekebisha. Anafungua akiwa katika hali yoyote. Vipaumbele ni vitatu na havibadilishani nafasi: kufungua, kufungua kwa kimo sahihi, kufungua ukiwa umetulia. Parachuti iliyofunguliwa katika mzunguko inaweza kusokota kamba, na kamba zilizosokotwa kwa kimo cha kutosha zinafunguka kwa kutanua ile mikanda ya juu ya mabega inayoshika kamba na kupiga mateke kinyume cha msokoto. Futi zilizopotea hazirudi.

Mzunguko bapa, yaani kuzunguka kama pia mwili ukiwa umelala bapa, usidharauliwe kwa sababu ulianza polepole. Kadiri unavyoachwa ndivyo unavyoongeza kasi, damu inakimbilia kichwani na ncha za viungo, na mikono inakuwa mizito kurudisha. Mrukaji wa Austria Felix Baumgartner aliporuka kutoka karibu kilomita 39 tarehe 14 Oktoba 2012 aliingia kwenye mzunguko wa namna hiyo, na aliupata udhibiti alipofika kwenye hewa nzito zaidi. Kule juu hewa ilikuwa nyembamba mno, mikono na miguu haikuwa na cha kushika. Mwanafunzi wetu anayo hewa nzito tangu mwanzo, kwa hiyo aitumie mapema.

Akijikuta chali: asipige mateke. Asukume nyonga, atazame ardhi kupitia bega moja, tuseme la kulia, na alete mkono wa kulia kifuani huku wa kushoto ukibaki umenyooka. Hewa inasukuma mkono ulio wazi, anabingirika kama anayeshuka kitandani. Akishakuwa kifudifudi, mikono yote irudi sawa mara moja, la sivyo atabingirika tena.

---

Kishada:

Nimeelewa, shukrani. La mwisho: wakati wa kuvuta parachuti kichwa chake kinashuka na anageuka tena, safari hii pande tofauti kila mruko. Ni miguu hiyo hiyo?

---

NyongaMbele:

Hapana, hapo ni mikono kweli. Mkono wa kulia unakwenda chini ya mkoba kushika kishikio cha parachuti ndogo, ile inayovuta parachuti kubwa itoke, na hewa uliyokuwa unaishika mbele inapotea. Mkono wa kushoto ukibaki ulipokuwa, upande mmoja una bawa na mwingine hauna. Dawa ni kuipeleka mikono yote miwili kwa wakati mmoja: wa kulia nyuma kwenye kishikio, wa kushoto juu ya kichwa, kiganja mbele ya paji la uso. Mkono wa kushoto hapo unashika katikati ya mwili, hauvuti kushoto wala kulia. Kichwa kushuka ni kwa sababu mikono yote imepungua nguvu mbele huku miguu ikiwa imenyooka kama ya mtu anayekwenda mbele. Mkono wa kushoto uliosogea mbele vya kutosha unaisawazisha miguu, na nyonga zikibaki chini mwili hauendi popote.

Kwa nini pande tofauti? Huenda ni kwa sababu anatafuta kishikio kwa macho, mara anatazama chini ya kwapa, mara juu ya bega. Kishikio kinatafutwa kwa mkono. Ardhini avute mara 20 akiwa amelala kifudifudi kwenye benchi jembamba, mkoba mgongoni, kiwiliwili juu ya benchi na viungo vinaning'inia, na mtu mwingine amshike vifundo vya miguu aone kama vinacheza kila anapovuta. Akitupa ile parachuti ndogo, aitupe mbali kando na aiachie mara moja. Ikikwama katika hewa iliyovurugika mgongoni mwake, ainamishe bega moja ili hewa safi ipite na kuikamata.

Benchi hilo hilo lifanye kazi ya ile miguu pia. Mfumbe macho, umwambie akae kwenye mkao kwa sekunde 45, na wewe ubonyeze muundi mmoja mmoja kwa kiganja kutoka chini. Aseme ni upi umebonyezwa zaidi. Akikosea, mzungushie utepe wa kunata kwenye kifundo cha mguu wa kulia kabla ya mruko unaofuata, uuguse mlangoni. Mguso huo unamkumbusha ulipo mguu.